Gololi Iliyoanguka Kabla ya Kifuniko

Watu wakiniuliza kwa nini mtu aliyesoma chuo kikuu mpaka nywele zikaanza kumkimbia hawezi kufunga taa ya umeme bila kumwita jirani, huwa nacheka na kusema kwamba mimi ni mtu wa vitabu. Si kweli. Nilikuwa mtu wa fizike, tena nilikuwa hodari, hodari kiasi cha kuchukiza. Kilichonitoa huko ni gololi moja ya chuma iliyoanguka kabla kidogo ya mahali nilipoiamuru ianguke. Hiyo ilikuwa Goma, miaka ya hamsini, wakati Wabelgiji walikuwa bado wanatupangia hata saa ya kulala.

Shule yetu ilikuwa ya misheni, imejengwa kwa mawe meusi ya volkano kama kila kitu cha Goma kilichokusudiwa kudumu. Mimi nilitoka upande wa Rutshuru, kwa watu wa maharage na ng'ombe, na nilikuwa nimekuja mjini na viatu ambavyo ardhi ile ya lava ilivimaliza kabla ya Krismasi. Fizike tulifundishwa na mtawa mmoja Mbelgiji. Tulimwita Furere, kama tulivyowaita watawa wote wasiokuwa mapadri. Alikuwa mrefu, masikio mekundu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, safi mno. Akienda nacho sokoni akina mama walimjibu kwa kumwonyesha bei kwa vidole. Nilimpenda kwa sababu alikuwa mtu mzima wa kwanza kuniuliza swali ambalo mwenyewe hakuwa ameamua tayari nitalijibu vibaya.

Asubuhi moja alitutoa darasani akatupeleka barazani. Baraza lile lilikuwa na ukuta mfupi wa mawe uliolizunguka. Akapanda juu ya ukuta, sutani yake, ile kanzu ya watawa, ikipepea, akashika mawe mawili yaliyolingana.

"Hili nitaliachia tu lidondoke," alisema. "Hili jingine nitalisukuma kwenda mbele, sawasawa na ardhi, si juu wala si chini. Yataondoka pamoja. Lipi litafika chini kwanza?"

Tulipiga kelele wote kwamba lile la kudondoka litafika kwanza.

"Kwa nini?"

"Ile ingine iko na safari, Furere!" alisema rafiki yangu aliyekuwa karibu nami. "Inaenda kutembea kwanza, kiisha njo inakumbuka kuanguka."

Darasa zima lilicheka, na Furere pia. Kisha akatuamuru tufumbe macho tusikilize. Tukasikia kishindo kimoja, kimoja tu. Wengine walisema ametudanganya, kwa hiyo akatupa mawe tufanye wenyewe, na tuliendelea kusukuma na kuachia mawe mpaka kengele ikalia na vidole vyetu vikawa vyeusi.

Sijui kama naweza kueleza jambo lile lilivyonigusa. Jiwe lililosukumwa kutoka juu lina safari mbili kwa wakati mmoja. Moja ni ya kwenda mbele, kwa mwendo uleule liliopewa na mkono. Nyingine ni ya kwenda chini, inayozidi kasi kila sekunde inavyopita, kana kwamba hakuna mkono uliolisukuma. Safari hizo hazisikilizani. Nilimfikiria baba yangu, aliyelipa kodi kwa Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, na kupeleka heshima yake kwa mwami, mtawala wetu wa jadi, na hakuna mmoja kati ya hao wakubwa aliyewahi kumuuliza habari za mwenzake. Jiwe lilikuwa hivyohivyo. Na kwa kuwa safari hizo hazisikilizani, kila swali linafunguka kwa ufunguo mmoja. Kwanza unatazama kimo peke yake, nacho kinakupa muda wa kuanguka: kimo ni nusu ya kumi mara muda mara muda. Kumi ndiyo mvutano wa ardhi; Furere alituruhusu kuitumia badala ya ile tisa nukta yenye mkia mrefu. Ukishapata muda, unauzidisha kwa mwendo wa kwenda mbele, na hapo ndipo jiwe litakapogonga. Unaweza kuweka kidole chako mahali pale kabla jiwe halijaondoka. Kwa kijana ambaye hakuamua chochote maishani mwake, hata saa ya kwenda chooni, huo ulikuwa utawala.

Rafiki yangu yule alikuwa mtoto wa fundi cherehani. Familia yao ilitoka Butembo, na baba yake alishona nguo kwenye baraza la duka la Mhindi, si mbali na bandari. Tulikaa deski moja, tukaoga kwa sabuni moja, na siku za ruhusa tulikula kwao kwenye sahani moja. Mama yake aliniita mwanangu na kunigombeza kama mwanawe, na kwetu sisi hiyo ndiyo hati ya kuzaliwa. Mwalimu wa dini alipotusomea habari za ndugu wawili, tulipigana viwiko chini ya deski.

Jumapili tulitembea mpaka Lac Vert, kwenye njia ya Sake. Ni ziwa dogo la kijani lililozama ndani ya shimo la volkano, na watu wa pale walisema hakuna mkono unaoweza kurusha jiwe kutoka ukingoni likafika majini, ziwa linakataa. Ukisimama pale juu unaona ni uongo mtupu, maji yako hapo chini ya miguu yako. Nilikisia kimo, nikatoa muda, nikatoa mwendo unaotakiwa, nikatangaza kwamba inawezekana. Kisha nikarusha. Jiwe lilizama katika vichaka vya mteremko, mbali kabisa na maji.

"Profesere," rafiki yangu alisema, akijishika mbavu, "ziwa limekukatala."

"Hesabu ni sawa."

"Hesabu ni sawa, lakini haikuhesabu miti. Angalia: mulima unakuja mbele, haishuki kama ukuta. Weye unaangalia ku karatasi tu."

"Na weye unaangalia wapi?"

"Miye naangalia penye jiwe linaenda kuanguka."

Tulicheka tukarusha mengine mpaka mabega yakauma. Alikuwa sahihi kuhusu mteremko, na mimi nikasahau kwamba alikuwa sahihi, maana nilikuwa na kawaida ya kukumbuka tu mambo niliyosema mimi.

Mwaka huo habari ikaja kutoka Bukavu. Koleji kubwa ya kule, iliyokuwa na sehemu ya sayansi na maabara ya kweli, ingepokea mwanafunzi mmoja kutoka shule yetu. Mmoja tu. Anayekwenda Bukavu angeweza kufika chuo kikuu na kuwa mtu wa mashine na madaraja. Anayebaki angefundishwa kuwa karani au mwalimu wa watoto wadogo, na kushukuru. Nilimtumia mama habari kwa mtu wa lori la kwenda Kiwanja, upande wa kwetu, na mama, ambaye hakuwa na shaka yoyote, akanirudishia kitambaa cha kaki cha suruali ya safari.

Alama zangu na za rafiki yangu zililingana. Furere angeweza kurusha sarafu, lakini hakupenda bahati. Alisema gololi itaamua.

Alikuwa na gololi ya chuma iliyotolewa katika gurudumu la lori, na mwanzi uliopasuliwa katikati ukawa kama mfereji. Mwanzi ulikuwa umepindwa kwa moto, ukiteremka kisha ukilala sawa mwishoni, ili gololi ikitoka mdomoni iende mbele tu. Siku ya kwanza aliuweka juu ya meza yake mwenyewe, ambayo tulikijua kimo chake: metre moja na robo. Aliiachia gololi kutoka alama ya wino kwenye mwanzi, ikateleza, ikaruka, ikaanguka metre moja kamili mbele ya meza. Kila mtu darasani aliweza kumaliza hesabu ile: kutoka kimo kile muda wa kuanguka ni nusu ya sekunde, kwa hiyo gololi ilikwenda mbele metre mbili kwa sekunde.

"Kesho," Furere alisema, "mwanzi huu utakuwa juu ya ukuta wa baraza. Gololi itaachiwa kutoka alama ileile, kwa hiyo itatoka na mwendo uleule. Nyinyi wawili mtaniambia itaanguka wapi. Kila mmoja atachora msalaba wa chaki sakafuni, na juu ya msalaba wake nitaweka kifuniko cha kopo la dawa ya viatu. Gololi inayoingia kifunikoni inakwenda Bukavu."

"Na kimo cha ukuta, Furere?" niliuliza.

"Mtapima. Mwanafizike hapewi dunia ikiwa imekwisha kupimwa."

Rula ya shule ilikuwa imefungiwa kabatini, na nilikuwa nimeanza kuhangaika, nikiwaza kupima kwa shubiri. Rafiki yangu akanipiga begani.

"Tulia. Nitaleta metre ya papa. Tutapima pamoja, kiisha kila mutu anafanya hesabu yake."

Utepe wa kupimia wa baba yake! Nilitaka kumkumbatia. Nilifikiri: huyu tunashindana naye, na bado ananiletea chombo.

Asubuhi aliileta mfukoni, imekunjwa: utepe wa njano wa fundi, umelegea kwa miaka ya viuno vya watu. Akapiga magoti chini ya ukuta, akaushika mwisho wa utepe kwa kidole gumba na kuukandamiza sakafuni, akaniachia nivute juu. Mimi nikauvuta mpaka mdomo wa mwanzi nikasoma namba.

"Tisini," nilisema.

"Umeona weye mwenyewe?"

"Nimeona."

"Umeona muzuri?"

"Tisini, ndugu yangu. Macho yangu si ya bibi yako."

"Basi andika," akasema, na akaukunja utepe akiwa bado amepiga magoti.

Nilikwenda kukaa peke yangu chini ya dirisha la darasa. Kimo tisini: muda mara muda ni sifuri nukta kumi na nane. Mzizi wake si namba ya kistaarabu. Nilihangaika nao kwa kalamu, nikakaribia kutoka juu, nikakaribia kutoka chini, mpaka nikapata tarakimu tatu baada ya nukta. Mara mbili, ikatoka santimetre karibu themanini na tano. Nilizifurahia tarakimu zile tatu kama mtu anavyofurahia vifungo vya koti jipya. Ningepaswa kujiuliza. Furere alikuwa mtu wa mizizi safi. Katika maswali yake yote hakuwahi kutupa namba isiyotoka vizuri, kwa sababu alisema anapima akili zetu na si subira yetu. Lakini mtu anayejivuna hajiulizi.

Tulichora misalaba yetu. Wangu ulikuwa mbele. Wa rafiki yangu ulikuwa nyuma ya wangu, karibu zaidi na ukuta, kwenye santimetre themanini. Nilimwonea huruma. Hilo ndilo linalonichoma zaidi hata leo, kuliko mengine yote: nilimwonea huruma. Darasa zima likiwa limejipanga kando ya baraza, nilimsogelea nikamnong'oneza, "Ndugu, umekosea mahali. Sogeza mbele, vidole vitatu hivi."

Hakunitazama. "Wacha tu," alisema.

Furere akaweka kifuniko juu ya msalaba wa rafiki yangu. Kilikuwa na majivu kidogo ndani ili gololi isiruke. Akaiachia. Ikateleza, ikaruka, ikaingia katikati ya majivu bila hata kugusa ukingo. Vijana wakapiga makofi. Nikajiambia ni bahati, au mwanzi umesogea. Kisha kifuniko kikahamishiwa kwenye msalaba wangu, na gololi ikaachiwa tena kutoka alama ileile. Iligonga sakafu upana wa kidole kabla ya kifuniko, mahali palepale ilipokuwa imeanguka mara ya kwanza, ikaruka juu ya kifuniko changu kama mbuzi anayeruka mtaro, ikaenda zake mpaka kwenye maua ya mapadri.

"Imekuruka, Profesere!" kijana mmoja alipiga kelele.

"Hapana, imemusalimia tu!"

Furere hakucheka. Alinitazama kwa huzuni niliyodhani ni ya kweli. "Fizike haina hasira na mtu, kijana," alisema. "Kilichokosa si gololi."

Siku zilizofuata niliirudia hesabu ile kwenye kila karatasi niliyoipata. Ilikuwa sahihi. Ingekuwa na kosa ningelala vizuri. Mtu anaweza kuishi na kosa lake. Hesabu sahihi inayoanguka mahali si sahihi inamfanya mtu aanze kushuku dunia, na nilishuku upepo, mwanzi, majivu, hata sakafu. Yeye sikumshuku. Nilimpongeza. Nilimsaidia kupaka rangi sanduku lake la mbao la safari.

Kilichobaki ni kitambaa cha mama. Kwa kuwa sikuwa na safari tena, nilikipeleka kwa baba wa rafiki yangu nishonewe suruali ya kawaida ya shule. Fundi alikuwa mtu mpole, mwenye pini mdomoni muda wote, kiasi kwamba maneno yake yote yalipitia upande mmoja. Alinisimamisha barazani, akaushusha utepe wa njano kutoka shingoni mwake, akanipima kiuno, kisha mguu.

"Mia moja na kumi," alisema mwenyewe kwa mwenyewe. "Toa kumi. Mia."

Nilidhani ni namna ya kukata kitambaa. "Papa, unatoa kumi ya nini? Ya pindo?"

"Ah, hapana." Alicheka, pini zikitikisika. "Hii metre haiko na kichwa. Pasi ya makaa iliikula mwanzo wake, siku moja mama alinisemesha nikasahau. Ungetupa metre muzima kwa sababu ya kichwa? Nilikata penye kuliungua, nikashona. Sasa tunaanziaka ku kumi, kiisha tunatoa kumi. Bote mu nyumba banajua, hata ule mudogo mwenye hajaanza masomo."

Akaniletea ncha ya utepe mbele ya macho. Ilikuwa imeshonwa kwa uzi mweusi, kwa ustadi, na namba ya kwanza juu ya mshono ilikuwa kumi.

Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani mwangu, sikuiita. Tisini toa kumi, themanini. Muda mara muda, sifuri nukta kumi na sita. Mzizi wake, sifuri nukta nne, safi kama maji. Mara mbili: santimetre themanini. Kimo themanini na umbali themanini. Furere alikuwa amelichagua jambo lile lipendeze. Na nikaona kidole gumba kimekandamiza sakafu, na nikasikia, umeona weye mwenyewe?

"Nini, mutoto wangu?" fundi aliuliza. "Uso umebadilika."

Nilimwambia. Sikumlaumu mtu, nilieleza tu tulivyopima ukuta, nani alisoma juu. Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kifua cha shati lake.

"Na chini?" aliuliza. "Chini nani alishika?"

"Mwenzangu."

Nyuma yake, ndani ya duka, ilikuwa imetundikwa suruali nyingine, ya mwanawe, ya safari ya Bukavu, na sisi wote wawili tuliitazama na kuacha kuitazama. Nilingoja aseme neno. Alikuwa baba wa familia niliyokula kwao. Nilifikiri atasimama, atavaa kofia yake, atanishika mkono twende misheni. Aliweka mguu juu ya kikanyagio cha cherehani.

"Nitakuwekea mufuko ya ndani," alisema. "Mufuko ya muzuri. Bila weye kuomba."

Nilimkuta rafiki yangu kwenye ziwa kubwa, karibu na bandari, kwenye mawe ya kufulia, akifua shati lake la safari. Nilisimama juu yake.

"Ulijua metre inaanzia ku kumi."

Aliendelea kufua kidogo, kisha akaacha. "Ninajua. Ni metre yetu."

"Na haukuniambia."

"Weye ulisoma namba. Miye nilishika tu."

"Ulifunika ile ncha kwa kidole!"

"Nilifunika, nilifunika! Metre inashikwaka na nini, na meno?" Akasimama, maji yakimtiririka mikononi. "Sikusema uongo hata neno moja. Nilikuuliza mara mbili: umeona muzuri? Ulikulaka kwetu miaka yote hii, ukikaa karibu na papa akipima watu. Haukusikiaka hata siku moja toa kumi? Haukumuangaliaka."

Neno lile lilinisumbua miaka mingi, maana ni neno zuri, na kwa kweli sikuwa nimemwangalia baba yake. Lakini nililigeuza na kuligeuza, na sikuona linamsafisha. Mtu anayetaka kukufundisha kuangalia hafuniki kwa kidole kitu cha kuangaliwa.

"Nilikuambia usogeze msalaba wako," nilisema. "Nilitaka kukusaidia."

Hapo ndipo uso wake ulipoharibika kidogo. "Ninajua," alisema. "Njo maana sikukuangalia." Akachuchumaa tena akaendelea kufua, na sikupata neno la kumrushia isipokuwa moja la kijijini kuhusu ng'ombe anayempiga teke aliyemlisha, na hata hilo sikulimaliza.

Bado nilikuwa na Furere. Nilimwendea nikiwa na uhakika kabisa, kama mtu anayekwenda benki kuchukua kilicho chake. Nilimkuta maabara, kile chumba kidogo tulichokiita maabara, akifuta vumbi kwenye mizani. Nilimweleza yote, utepe, pasi, kidole, themanini na themanini. Sikuomba rafiki yangu aadhibiwe. Niliomba gololi iachiwe tena juu ya ukuta mwingine wowote, kimo chochote.

Aliendelea kufuta mizani mpaka nilipomaliza.

"Najua," alisema.

"Unajua nini, Furere?"

"Habari ya metre. Alikuja kwangu asubuhi ile, kabla hamjapima. Aliniuliza kama analazimika kukuambia." Akaiweka mizani mezani. "Nikamwambia kwamba kila mwanafizike anawajibika kwa chombo chake. Anayetumia chombo lazima atazame sifuri iko wapi kabla ya kusoma mwisho. Hilo niliwafundisha wote."

"Haukuniambia mimi."

"Ningekuambia, ingekuwa mtihani wa nini?"

"Na yule aliyekuja kuuliza, naye ulimfundisha nini?"

Masikio yake yakawa mekundu zaidi. Aliniambia barua imekwisha kwenda Bukavu, kwamba mimi ni kijana mwenye akili, na kwamba siku moja nitaelewa kuwa somo hili lina thamani kuliko nafasi yenyewe. Nimekuwa nikingoja siku hiyo kwa uvumilivu. Miaka mingi baadaye, nilipofika chuo kikuu kwa mlango mwingine, nilisoma hata falsafa ya maadili kwa miaka miwili, kama mtu anayechimba mahali alipoambiwa kuna maji.

Rafiki yangu aliondoka kwa meli, na sikwenda bandarini. Nasikia amekuwa enjinia wa barabara, na kwamba barabara zake hazibebwi na mvua. Ninaamini, daima alijua kitu kitaanguka wapi.

Jumatatu iliyofuata Furere alifungua kitabu chake na kutuletea swali jipya. Ndege inaruka sawasawa na ardhi, mwendo haubadiliki. Rubani anaachia mfuko wa barua. Tusihesabu upepo. Wakati mfuko unagonga ardhi, ndege iko wapi?

"Imeshafika mbali, Furere!" darasa lilipiga kelele. "Iko mbele sana! Imeshafika Kigali!"

Akatabasamu akanigeukia mimi, kama alivyozoea darasa zima likikosea.

Nililijua jibu. Nililijua kabla hajamaliza swali. Mfuko ulipoachiwa ulikuwa tayari na mwendo wa ndege, na hakuna kitu kilichouondolea mwendo ule. Unaanguka na unakwenda mbele kwa pamoja. Kwa hiyo ndege haijauacha mfuko nyuma. Aliyekuachia yuko juu ya kichwa chako palepale, kwa mwendo uleule, njia yote mpaka chini, na ukigonga ardhi ukitazama juu utaliona tumbo lake.

"Ndiyo, kijana?" Furere alisema. Alikuwa ameinua chaki, tayari kuandika nitakachosema.

"Sijui, Furere."

Alingoja. Nikatazama dirishani. Akampa swali kijana mwingine, naye akaipeleka ndege mpaka Kampala.

Aliniuliza tena siku iliyofuata, na wiki iliyofuata, kila mara swali rahisi kuliko lililotangulia, mpaka mwisho akaniuliza kwa sauti ya chini jiwe likiachiwa linakwenda upande gani. Sijui, Furere. Darasa lilicheka sana, wakidhani ni mchezo wetu sisi wawili. Mwisho wa mwaka aliandika kwenye karatasi yangu ya alama kwamba akili yangu inaelekea zaidi kwenye lugha. Nikahamishiwa kwa padri wa Kilatini, mzee kiziwi aliyenipokea bila kuniuliza kitu, akanipa kitabu na kiti karibu na mlango, na nikaanza kukariri majina ya vitu katika umoja na wingi.